Mpango wa Marshall, NATO na Mkataba wa Warsaw: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa historia, walimu wao na wasomaji wa kawaida huuliza kila Vita Baridi, yaani uhasama wa Marekani na Umoja wa Kisovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia, inapotajwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni pana, mengine yanatosha kwa mistari michache. Msimamo wangu nautangaza mapema: misaada ya uchumi, hasa ile ya Marekani iliyoitwa Mpango wa Marshall, ndiyo iliyochora mstari katikati ya Ulaya, na miungano ya kijeshi, NATO ya magharibi na Mkataba wa Warsaw wa mashariki, ikaja kuulinda mstari uliokwisha kuchorwa. Anayeanza kuisoma historia hii kwenye makombora ameianzia katikati.

Vita viliisha 1945. Kwa nini Ulaya ilikuwa hoi zaidi 1947?

Bunduki zilinyamaza, lakini uchumi haukuamka. Mashamba yalikosa mbolea, reli na madaraja yalikuwa yamevunjwa, na migodi ya makaa ya mawe ya Ruhr, Ujerumani, ilikuwa ikitoa sehemu tu ya kile ilichotoa kabla ya vita. Kisha mwanzoni mwa 1947 ikaja baridi kali isiyo ya kawaida. Uingereza, ambayo ilihesabiwa miongoni mwa washindi, ilisimamisha viwanda kwa kukosa makaa. Mkate uliuzwa kwa mgao tangu Julai 1946, jambo ambalo halikutokea hata wakati mabomu yakidondoka London.

Kiini cha tatizo kilikuwa dola. Ngano, makaa na mashine vilijaa Marekani, na Marekani iliviuza kwa dola. Ulaya ingezipata dola kwa kuuza bidhaa zake nje, lakini haikuwa na bidhaa za kuuza mpaka kwanza ipate makaa na mashine. Mwaka 1946 Uingereza ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba baada ya muda mwenye pauni aruhusiwe kuzibadili kwa dola. Ruhusa hiyo ilianza tarehe 15 Julai 1947. Wenye pauni wakazikimbilia dola, na tarehe 20 Agosti London ikaifuta ruhusa kabla hazina haijakauka. Kwa rekodi tu, deni hilo lilimalizika kulipwa Desemba 2006.

Kwa nini vitabu huanza na Ugiriki na Uturuki?

Kwa sababu hapo ndipo Marekani ilipovaa viatu vya Uingereza. Februari 1947 ubalozi wa Uingereza mjini Washington uliitaarifu serikali ya Marekani kwamba London haiwezi tena kuzisaidia Ugiriki na Uturuki. Ugiriki ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti waliosaidiwa na majirani, hasa Yugoslavia. Uturuki ilikuwa ikibanwa na Moscow, yaani serikali ya Umoja wa Kisovieti, juu ya njia ya bahari ya Bosporus na Dardanelles. Tarehe 12 Machi Rais Harry Truman alisimama mbele ya Bunge akaomba dola milioni 400: milioni 300 za Ugiriki na milioni 100 za Uturuki.

Liangalie vizuri fungu hilo. Ndani yake mlikuwa na chakula, barabara, silaha na washauri wa kijeshi, vyote katika sheria moja. Watu hupenda kusema kwamba msaada wa uchumi ulitangulia na wa kijeshi ukafuata. Kwa Ugiriki na Uturuki vilisafiri pamoja tangu siku ya kwanza.

Mpango wa Marshall ulifanyaje kazi kwa vitendo? Watu waligawiwa dola?

Hapana, na hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote.

Waziri wa Mambo ya Nje George Marshall alitoa wazo lake katika hotuba fupi Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 5 Juni 1947. Truman alitia saini sheria yenyewe tarehe 3 Aprili 1948. Siku chache baadaye meli John H. Quick iliondoka bandari ya Galveston, Texas, ikielekea Bordeaux, Ufaransa, imesheheni ngano. Kilichovuka bahari kilikuwa bidhaa: ngano, pamba, mafuta, mashine, matrekta.

Chukua trekta moja. Mkulima wa Ufaransa analitaka. Muuzaji wa Marekani analipwa dola na serikali ya Marekani. Mkulima naye hapewi bure: analipa bei yake kwa faranga, kwa kupitia mwagizaji. Faranga hizo haziendi Marekani. Zinaingia katika akaunti maalumu ya serikali ya Ufaransa, na serikali inaweza kuzitumia kwa miradi mikubwa, baada ya kukubaliana na maofisa wa Marekani waliokuwa na ofisi Paris. Kwa hiyo trekta moja lilifanya kazi mara mbili, kwanza shambani, kisha kama mtaji wa bwawa la umeme au kiwanda cha chuma. Asilimia 5 ya akaunti hizo iliachwa kwa matumizi ya Marekani yenyewe, na sehemu yake ilikuja kugharamia shughuli za siri za shirika la ujasusi la Marekani, CIA, barani Ulaya.

Kila nchi iliamua kwa njia yake. Ufaransa ilizitumia fedha za akaunti hiyo kuimarisha umeme, makaa, chuma na reli chini ya mpango wa Jean Monnet, mkuu wa mipango ya uchumi wa nchi hiyo. Uingereza ilipunguzia nazo deni la serikali. Ujerumani Magharibi ilianzisha benki ya ujenzi mpya, KfW, ili zikopeshwe, zirudi, zikopeshwe tena.

Jumla ilikuwa takriban dola bilioni 13 hadi mwisho wa 1951. Uingereza ilipata fungu kubwa kuliko wote, zaidi ya bilioni 3, ikifuatiwa na Ufaransa. Ujerumani Magharibi, ambayo wengi hudhani ndiyo iliyobebwa zaidi, ilipata kama bilioni 1.4.

Umoja wa Kisovieti ulialikwa kweli, au ulikuwa ualiko wa mdomoni?

Swali hili linastahili jibu refu, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Marshall alisema mpango wake haukuelekezwa dhidi ya nchi wala itikadi yoyote, bali dhidi ya njaa na umaskini. Hakuna nchi iliyotajwa kuwa imefungiwa nje. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Ernest Bevin, na mwenzake wa Ufaransa, Georges Bidault, wakamwalika mwenzao wa Umoja wa Kisovieti, Vyacheslav Molotov, Paris mwishoni mwa Juni 1947. Molotov alifika na msafara mkubwa wa wataalamu. Mtu asiyekusudia kujadiliana chochote hasafiri na watu wengi kiasi hicho, na mimi naamini Moscow ilikuja kupima kama kuna fedha za kupata. Walikuwa na sababu ya kuzitaka. Januari 1945 Molotov huyohuyo alikuwa ameiomba Marekani mkopo wa dola bilioni 6 na hakuupata.

Mvutano ulihusu utaratibu. Molotov alitaka kila nchi iorodheshe mahitaji yake, orodha zikusanywe, Marekani iseme itatoa kiasi gani. Bevin na Bidault walitaka mpango mmoja wa pamoja, kila nchi ifungue vitabu vyake vya hesabu, na rasilimali za Ujerumani ziingizwe humo. Kwa Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, hilo lilikuwa gumu mno. Nchi yake ilikuwa imepoteza watu takriban milioni 27, maelfu ya vijiji vilikuwa majivu, na 1946 hadi 1947 ilikuwa na njaa ambayo iliifanya siri. Kufungua vitabu kulikuwa ni kumwonyesha mpinzani udhaifu wake wote. Zaidi ya hapo, mpango wa pamoja ungezivuta Poland na Chekoslovakia kibiashara upande wa magharibi. Tarehe 2 Julai Molotov aliondoka Paris.

Ualiko ulikuwa wa kweli kwenye karatasi. Masharti yake yaliungwa mkono na watu, mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan akiwa mmoja wao, waliokuwa wamekwisha kukadiria kwamba ama Moscow itabadilika ili iyakubali, ama itajitoa yenyewe. Bunge la Marekani nalo lisingepitisha kirahisi mabilioni kwa Stalin.

Waliobanwa zaidi ni Wachekoslovakia. Serikali ya Prague, pamoja na mawaziri wake wa kikomunisti, ilikuwa imeamua kuhudhuria mkutano uliofuata Paris, wa nchi zilizoutaka msaada huo. Tarehe 9 Julai Waziri Mkuu Klement Gottwald na Waziri wa Mambo ya Nje Jan Masaryk waliitwa mbele ya Stalin, Kremlin. Walielezwa wazi kwamba kwenda Paris kutahesabiwa kuwa kitendo cha uadui. Kesho yake Prague ikafuta uamuzi wake. Mwaka huohuo ukame uliharibu mavuno yao, na Moscow ikawaahidi nafaka, ikionyesha ni nani sasa anayelisha. Februari 1948 wakomunisti wakaitwaa serikali yote. Tarehe 10 Machi Masaryk alikutwa amekufa chini ya dirisha la makazi yake wizarani.

Msiba huo wa Prague ndio uliowasukuma wabunge wa Marekani waliokuwa wakisitasita kuipitisha sheria ya Marshall wiki chache baadaye.

Je, Moscow nayo haikuwasaidia washirika wake?

Mwanzoni ilichukua kuliko ilivyotoa. Kutoka sehemu yake ya Ujerumani iling'oa viwanda vizima, na hata reli ya pili kwenye njia nyingi, ikiwa ni fidia ya vita. Rumania ilifungwa katika kampuni za ubia zilizoitwa SovRom, ikiwemo ya mafuta. Poland iliuza makaa yake kwa Wasovieti kwa bei ya kutupa. Baadhi ya wanahistoria hukadiria kuwa thamani ya yote yaliyochukuliwa Ulaya Mashariki katika miaka ile inakaribia yale Marekani iliyoyatoa Ulaya Magharibi.

Sisemi hivi ili kuwapaka Wasovieti matope. Nchi iliyobomolewa kiasi kile ilidai fidia kwa haki, na Ujerumani ndiyo iliyoivamia. Lakini Poland haikuwa imeivamia. Matokeo ya kisiasa yalikuwa wazi: upande mmoja mshirika alimwona mkubwa wake akileta, upande wa pili akimwona akihamisha.

Septemba 1947 Moscow iliunda Cominform, chombo cha kuviweka vyama vya kikomunisti katika mstari mmoja. Januari 1949 ikaunda Comecon kuwa jibu la kiuchumi kwa Mpango wa Marshall. Kwa miaka kadhaa Comecon ilikuwa jina zaidi kuliko kazi. Baada ya Stalin kufa mwaka 1953 mambo yalibadilika polepole, na katika miongo ya baadaye mafuta na gesi ya Kisovieti vilikuwa vikiuzwa kwa washirika kwa bei nafuu.

Marekani iliweka masharti gani?

Mkono mtupu haulambwi, na uliojaa nao una mwenyewe. Angalau nusu ya shehena ilitakiwa kusafiri katika meli za Marekani. Nchi zilizopokea zilitakiwa kulegeza vikwazo vya biashara kati yao na kukaa pamoja katika shirika moja Paris, OEEC, wagawane fedha kwa makubaliano. Kuanzia 1949 kamati iliyoitwa CoCom ilisimamia orodha ya bidhaa za kimkakati zisizoruhusiwa kuuzwa upande wa mashariki, na 1951 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumkatia msaada atakayekiuka.

Sharti zito zaidi halikuandikwa ndani ya sheria yoyote. Italia ilipiga kura tarehe 18 Aprili 1948, na muungano wa wakomunisti na wasoshalisti ulikuwa na nguvu. Mwezi uliotangulia Marshall alisema hadharani kwamba wakishinda, msaada kwa Italia utakoma. CIA nayo ilimwaga fedha kwa siri. Wademokrasia Wakristo wa Alcide De Gasperi wakashinda. Walioamini kwamba Marekani ilikuwa ikitetea uhuru wa kuchagua, na mimi naamini kwa sehemu kubwa ilikuwa hivyo Ulaya Magharibi, hawana budi kuikubali na habari hii.

Mzingiro wa Berlin ulitokana na nini hasa?

Ulitokana na noti. Tarehe 20 Juni 1948 Marekani, Uingereza na Ufaransa zilianzisha fedha mpya, Deutsche Mark, katika kanda za Ujerumani zilizokuwa zikizitawala tangu vita viishe. Bila fedha inayoaminika, Mpango wa Marshall usingefanya kazi, kwa kuwa wenye maduka walikuwa wakificha bidhaa na watu wakinunua kwa sigara. Wasovieti waliona maana yake: Ujerumani inagawanyika, na nusu yake yenye viwanda inajengwa kinyume nao. Fedha hiyo ilipoingia Berlin Magharibi, sehemu yao ya mji uliokuwa ndani ya kanda ya Wasovieti, tarehe 24 Juni walifunga barabara, reli na njia za maji za kwenda huko.

Watu zaidi ya milioni 2 walibaki na akiba ya wiki chache. Jibu likawa ndege, hasa za Marekani na Uingereza. Kwa miezi karibu 11, na kwa miezi mingine kadhaa baada ya mzingiro kuondolewa tarehe 12 Mei 1949, ndege zilifanya safari zaidi ya 270,000 na kupeleka takriban tani milioni 2.3. Sehemu kubwa ya shehena hiyo, kama theluthi mbili, ilikuwa makaa ya mawe. Yalipakiwa katika magunia, ndege ya C-54 ikibeba kama tani 10, na vumbi lake jeusi lilipenya hadi kwenye nyaya na vyombo vya rubani. Viwanja vya ndege vya Tempelhof na Gatow havikutosha, hivyo wakazi wa Berlin, wengi wao wanawake, walijenga uwanja wa tatu, Tegel, kwa kifusi cha nyumba zao zilizobomolewa. Waliokufa katika kazi ile, wengi wao kwa ajali, walikuwa 101.

Miaka mitatu kabla ya hapo marubani wa nchi zilezile walikuwa wakiupiga mji huo mabomu. Sijui hoja nyingine inayoeleza vizuri zaidi kwa nini Wajerumani Magharibi walikubali kuingia katika kambi ya waliowashinda.

Kwa hiyo NATO ilizaliwa kwa sababu ya Berlin?

Berlin iliiharakisha, ila haikuianzisha. Tarehe 17 Machi 1948, wiki moja baada ya kifo cha Masaryk, Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilitia saini mkataba wa kujihami mjini Brussels. Zilijua kwamba peke yao hazitoshi, na Bevin alikuwa akiisihi Marekani iingie. Wanaosimulia kwamba Marekani iliilazimisha Ulaya kuingia NATO wanaigeuza habari juu chini: ni Wazungu wa magharibi waliobisha hodi, na ni Wamarekani waliosita, kwani tangu enzi za kuasisiwa kwa taifa lao walikuwa hawajajifunga kwenye muungano wa kijeshi wakati wa amani na Ulaya.

Mkataba ulitiwa saini Washington tarehe 4 Aprili 1949 na nchi 12: Marekani, Kanada, Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Italia, Norway, Denmark, Iceland na Ureno. Iceland haikuwa na jeshi. Ureno haikuwa na demokrasia, ilitawaliwa na dikteta António Salazar, lakini ilikuwa na visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki.

Kilichoibadili NATO kutoka karatasi kuwa jeshi ni mambo mawili yaliyofuatana. Agosti 1949 Wasovieti walilipua bomu lao la kwanza la atomiki. Tarehe 25 Juni 1950 vita vikazuka Korea. Hapo ndipo makao makuu ya kijeshi yalipoundwa chini ya Jenerali Dwight Eisenhower. Hapo ndipo pia misaada ilipogeuka sura. Sheria ya Oktoba 1951 iliunganisha misaada ya uchumi na ya kijeshi chini ya paa moja, na silaha zikachukua fungu kubwa. Fedha zilizoanza na ngano ziliishia kwenye vifaru.

Ibara ya 5 ya mkataba wa NATO inailazimisha kila nchi kuingia vitani?

Sivyo. Inasema kwamba shambulio dhidi ya mmoja litahesabiwa kuwa dhidi ya wote, na kila mwanachama atachukua hatua anayoiona inafaa, ikiwemo kutumia nguvu za kijeshi. Bunge la Marekani halikutaka kujifunga zaidi ya hapo. Imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001.

Kwa nini Mkataba wa Warsaw ulikuja miaka sita baada ya NATO?

Kwa sababu kabla ya hapo Moscow haikuuhitaji. Majeshi yake yalikuwa tayari Poland, Ujerumani Mashariki, Hungaria na Rumania, na ilikuwa na mikataba na nchi moja moja. Kilichobadilika ni Ujerumani Magharibi kuruhusiwa kuwa na jeshi na kuingizwa NATO mapema Mei 1955, miaka 10 kamili tangu Wajerumani wasalimu amri. Kwa nchi iliyozika mamilioni kwa mkono wa jeshi la Ujerumani, hofu hiyo haikuwa ya kujifanya. Tarehe 14 Mei mkataba ulitiwa saini Warsaw na Umoja wa Kisovieti, Poland, Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia, Hungaria, Rumania, Bulgaria na Albania.

Kila upande uliita muungano wake wa kujihami, na kila upande uliuona wa mwenzake kuwa wa kushambulia. Tofauti ilionekana mwanachama alipotaka kuondoka. Hungaria ilitangaza kujitoa tarehe 1 Novemba 1956, na tarehe 4 vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest. Agosti 1968 majeshi ya Mkataba yaliivamia Chekoslovakia, mwanachama mwenzao. Rumania ilikataa kushiriki na Albania ikajitoa. Mwaka 1966 Rais Charles de Gaulle aliitoa Ufaransa katika kamandi ya kijeshi ya NATO na kuwaambia Wamarekani wahamishe kambi zao. Walilalamika, kisha wakahama, na makao makuu yakaenda Ubelgiji.

Nchi ndogo zilikuwa vibaraka tu?

Nyingi zilijua kupiga hesabu zao. Josip Broz Tito wa Yugoslavia alifukuzwa Cominform Juni 1948, akabaki mkomunisti, na bado akapata misaada ya chakula na silaha kutoka Marekani kwa sababu alimkatalia Stalin. Finland ilikataa fedha za Marshall, ikatia saini mkataba wa urafiki na Moscow Aprili 1948, na kwa gharama hiyo ikabaki na uchaguzi na bunge lake. Austria ilipokea misaada ya Marshall huku askari wa Kisovieti wakiwa bado ndani ya nchi. Hispania ya Francisco Franco ilinyimwa Marshall, lakini 1953 ikaipa Marekani kambi za kijeshi na kulipwa kwa misaada.

Uturuki inaonyesha mnyororo mzima. Ilianza na fungu la 1947, ikapeleka askari Korea, ikaingia NATO pamoja na Ugiriki 1952, kisha ikakubali makombora ya Jupiter ya Marekani katika ardhi yake. Kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev alipopeleka makombora Cuba 1962, hayo ya Uturuki yalikuwa miongoni mwa sababu zake. Sehemu ya makubaliano yaliyoumaliza mgogoro huo, iliyofichwa kwa miaka mingi, ilikuwa kwamba Rais wa Marekani John F. Kennedy atayaondoa. Yaliondolewa 1963.

Haya yanahusiana vipi na Afrika Mashariki?

Yanahusiana kwa mambo mahususi, na mawili yanatosha.

La kwanza ni karanga. Ukosefu uleule wa dola ulioielemea London 1947 ndio uliozaa mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uingereza ilihitaji mafuta ya kula ambayo ingeyanunua kwa pauni. Matrekta yalivunjikia kwenye mizizi ya vichaka vya Kongwa, mvua ikakosekana, ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa kuvuna. Mradi ulifutwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Katika miaka ya 1960 Kongwa na Nachingwea zikawa kambi za wapigania uhuru, FRELIMO wa Msumbiji wakiwemo, waliopata silaha za Kisovieti na Kichina. Adui yao alikuwa Ureno, mwanachama mwanzilishi wa NATO, iliyotumia huko Msumbiji ndege za kivita za Fiat G.91 ilizozipata kutoka Ujerumani Magharibi. Mkataba wa NATO haukuzihusu koloni za kusini mwa Tropiki ya Kansa, lakini kambi ya Azores iliwafanya wakubwa wa NATO kumfumbia macho Salazar.

La pili ni Ujerumani mbili. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa na kanuni ya kutoshirikiana na nchi inayoitambua Ujerumani Mashariki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua, kisha Aprili ukaja Muungano na Tanganyika. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati kwa kuwaruhusu Wajerumani Mashariki ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mapema 1965 Bonn ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na Mwalimu akaiambia iondoe na misaada mingine ya serikali iliyosalia. Katika Unguja, majumba ya Kikwajuni yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki bado yanakaliwa.

Mpango wa Marshall uliiokoa Ulaya kweli?

Uzalishaji ulikuwa umeanza kupanda kabla ya meli ya kwanza kutia nanga, na msaada wote haukuzidi asilimia chache za pato la nchi zilizopokea. Wanaotaja takwimu hizo wako sahihi. Lakini ulitoa kile hasa kilichokosekana, dola, katika miaka ambayo serikali zingelazimika kuwabana wananchi wao zaidi na pengine kuanguka. Pia uliwazoeza maadui wa jana kukaa meza moja na kugawana. Mei 1950 Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipopendekeza makaa na chuma vya Ufaransa na Ujerumani visimamiwe pamoja, tayari kulikuwa na miaka miwili ya mazoezi hayo.

Wanaodai "Mpango wa Marshall kwa Afrika" wasisahau kwamba ule wa awali ulipelekwa kwa nchi zenye wahandisi, benki na viwanda vilivyosimama kwa kukosa malighafi. Fedha ziliwasha mitambo iliyokuwepo.

Nini kimebaki hadi leo?

Comecon ilivunjwa Juni 1991 na Mkataba wa Warsaw tarehe 1 Julai 1991. Wanachama wote wa Mkataba huo, ukiutoa Umoja wa Kisovieti wenyewe, wamo NATO sasa, wakiwemo Wajerumani Mashariki walioingia kwa kuungana na Magharibi 1990. Finland, iliyojiweka pembeni 1948, ilijiunga 2023, na Sweden 2024, zikafika nchi 32. Shirika la OEEC liligeuzwa OECD mwaka 1961 na makao yake yapo Paris. Benki ya KfW inaendelea kukopesha wafanyabiashara wadogo wa Ujerumani kutoka mfuko uliotokana na fedha za Marshall.